Taya Langu la Kulia

Mtu wa kwanza kuuona uvimbe wangu hakuwa mimi, wala hakuwa mume wangu. Alikuwa mtoto wa darasa la kwanza aliyeketi dawati la mbele, siku moja nikiwafundisha silabi. Alininyooshea kidole akasema kwa sauti, "Mwalimu anakula pipi!"

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Pipi darasani ni marufuku, na marufuku hiyo niliiweka mimi mwenyewe. Nikafungua mdomo wote waone.

"Haya, pipi iko wapi?"

"Ipo shavuni, Mwalimu. Hiyo hapo."

Nikajigusa. Upande wa kulia, kwenye taya la chini, nyuma kule kwenye magego, palikuwa na kitu kigumu chenye ukubwa wa gololi. Nilikibonyeza, hakikubonyea. Hakikuuma hata kidogo. Nikawaambia watoto kwamba Mwalimu ana jino linalomsumbua, tukaendelea na somo.

Shule ninayofundisha iko Iyunga, Mbeya, karibu na barabara kuu, na malori yakipanda mlima inabidi unyamaze kidogo mpaka yapite. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimezaliwa kijiji kimoja njia ya Tosamaganga, na Mbeya nililetwa na kazi. Mume wangu ni Mnyakyusa, fundi wa malori, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kinachotupatanisha, maana yeye Kihehe hakijui na mimi Kinyakyusa changu kinaishia kwenye salamu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba kuongea ndiyo kazi yangu. Nafundisha watoto ambao wengine nyumbani kwao Kiswahili hakisemwi kabisa, na wanajifunza kutamka kwa kunitazama mdomo.

Kwa kuwa hakikuuma, sikukishughulikia. Nadhani ningeumwa ningekimbia hospitali wiki ileile. Badala yake gego moja likaanza kucheza, nikaenda zahanati, likang'olewa. Lilitoka bila ubishi, kama limekaa kwenye udongo mbichi. Yule aliyeling'oa aliligeuza mkononi akasema, "Mbona jino zima, mama? Halijaoza hata kidogo." Nikacheka, nikarudi kazini. Lakini shimo halikufunga vizuri, na uvimbe ukaendelea kukua taratibu, mpaka kufikia msimu wa baridi shavu langu la kulia lilikuwa limejaa kama mtu aliyetia kiazi mdomoni.

Baridi ya Mbeya ilinisaidia kujificha. Nilijizungushia mtandio mpaka puani, na hakuna aliyeshangaa. Ila ofisini kwa walimu huwezi kunywa chai na mtandio mdomoni. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamke ninayempenda sana, alinivuta pembeni akaniambia kwa huruma kabisa, "Dada, hiki kitu umerushiwa. Kuna mtu hakupendi." Mwingine akanipa namba ya mchungaji. Mama yangu, kwa simu kutoka Iringa, alisema nije nyumbani, kuna bibi anajua majani ya kupasua majipu.

"Mama, hili siyo jipu," nikamwambia. "Halina usaha, halina moto."

"Basi ni nini?"

Nikamwambia nitampigia tena, nikakata simu.

Jibu lilianza kupatikana kwa mume wangu, ambaye siyo mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja, tukiwa tunakunywa chai, aliona jinsi ninavyotafunia upande mmoja tu. Akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, chesisi ya lori ikipata ufa, hupaki rangi ukaondoka," alisema. "Leo usiende shule. Twende hospitali kubwa wakupige picha."

Daktari aliyenipokea alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotegemea, bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Sikuwahi kujua kuna daktari wa taya tu. Alivaa glavu, akapitisha kidole ndani ya shavu langu, akakisukuma kile kitu, akagusa meno yangu moja moja. Kisha nikapelekwa kwenye mashine ambayo unasimama, unauma kijiti cha plastiki, yenyewe inakuzunguka kichwa. Picha ilipotoka aliiweka kwenye kompyuta akatugeuzia.

Kwa mara ya kwanza nikaliona taya langu zima, kutoka sikio hadi sikio. Kushoto mfupa ulikuwa mweupe na imara. Kulia, kuanzia kwenye magego kwenda juu, ulikuwa umejaa matundu ya duara, makubwa kwa madogo, yamebanana kama povu la sabuni kwenye beseni. Ukingo wa chini ulibaki mwembamba kama ganda la yai.

Mume wangu aliinama karibu na kioo. "Mfupa umekwenda wapi?" akauliza.

"Umeliwa," daktari akasema. "Lakini tusiseme jina mpaka tuchukue kinyama."

Alinichoma ganzi, akakata kipande kidogo, kikapelekwa maabara. Tulisubiri wiki kadhaa. Niliendelea kufundisha, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kusikia saratani. Nilikuwa nimeamua hata maneno ya kumwambia mama.

Siku ya majibu daktari alifunga mlango kwanza. "Siyo saratani," alisema, nami nikasikia mume wangu akipumua. "Uvimbe huu unaitwa ameloblastoma. Ngoja nikueleze kwa lugha ya darasani kwako. Ulipokuwa mtoto, kulikuwa na chembe zilizokuwa zinakujengea meno, zile zinazotandika lile tabaka gumu la nje. Zikimaliza kazi, zinatakiwa zife au zilale. Zako chache zimeamka, zinajenga tena, ila hazijengi jino. Zinajenga uvimbe, na uvimbe unatafuta nafasi ndani ya mfupa."

"Nimekosea nini?" nikauliza. "Sukari? Mswaki?"

"Hakuna ulichokosea. Na hakuna mtu aliyekurushia," akaongeza akitabasamu, maana bila shaka wagonjwa wake wengi wanakuja na habari hiyo.

Ndipo akafika kwenye sehemu ngumu. Uvimbe huu hausambai mwilini kama saratani, lakini hausimami wenyewe. Ukiukwangua na kuuacha mfupa, mara nyingi kunabaki mizizi midogo isiyoonekana, na baada ya miaka unarudi ukiwa mkubwa zaidi. Njia ya uhakika ni kukata kipande chote cha taya kilichoathirika pamoja na mfupa mzima kidogo pembeni yake, kisha kuunganisha pengo kwa bamba la chuma. Na mshipa wa fahamu unaopita humo ungekwenda na mfupa. Mdomo wangu wa chini, upande wa kulia, usingehisi tena.

"Nitaongea?" nikauliza.

"Utaongea. Mwanzoni vibaya, baadaye vizuri."

"Ungekuwa wewe?"

Hakusita. "Ningekata."

Nilimpenda kwa jibu lile. Nikamwambia anipangie tarehe. Mume wangu akanishika mkono, akasema tu, "Uso ni wako. Ukiamua, mimi niko."

Lakini kwetu mtu hakatwi taya bila nyumbani kujua. Tukapanda basi kwenda Iringa. Mama alikuwa ameandaa kikao: yeye, shangazi yangu mkubwa, yaani dada wa marehemu baba, ambaye neno lake kwetu ni la mwisho, na baba wadogo wawili. Tulisalimiana "kamwene" kwa mzunguko, tukapewa chakula, na kila mtu akawa anajifanya hatazami shavu langu.

Mama alipofungua mdomo, alilia. "Mwanangu wa kike," alisema. "Uso ndio mtu. Wamkate mfupa wa uso, atabaki nani? Kama hauumi, si auache?"

Baba mdogo mmoja akasema tuombe kwanza. Mwingine akasema amesikia Dar kuna watu wanakwangua tu, huna hata kovu.

Nilisimama. Nimezoea kusimama mbele ya watu, hata kama hawa walikuwa wakubwa wangu. "Nawaheshimu wote," nikasema. "Maombi nayataka, na nitayahitaji siku ile. Ila nimeona picha. Nikikwangua, nitarudi hapa baada ya miaka nikiwa na uvimbe kama boga, na wakati huo watakata taya zima. Nikiacha, hautaacha. Mimi nimeamua kukata mara moja."

Shangazi akanyoosha mkono. "Hiyo picha iko wapi?"

Mume wangu alikuwa ameipiga kwa simu. Akampelekea, akapiga magoti kama mkwe anavyopaswa. Shangazi aliisogeza simu mbali, akaileta karibu, akafinya macho.

"Haya matundu ni mfupa wa mtoto wetu?"

"Ndiyo, mama," mume wangu akajibu.

"Na kesho yatakuwa makubwa kuliko leo?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mama yangu. "Wifi, kitu kinakula mfupa wa mtoto wetu, sisi tunakitunzia nini?" Kisha akaniuliza mimi swali moja tu. "Baada ya hapo, utakula ugali?"

"Daktari anasema nitakula."

"Basi nenda."

Kikao kiliishia hapo. Mama alifuta machozi kwa ncha ya khanga, akaingia ndani, akaanza kufunga nguo zake. "Kama mnakwenda kumkata," alisema kutokea chumbani, "nitamuuguza mwenyewe. Nesi hajui anavyopenda uji."

Upasuaji wenyewe siwezi kuusimulia, maana sikuwepo. Nakumbuka taa, nakumbuka daktari wangu akiwa amevaa kofia ya kijani akiniambia nihesabu, na sikufika mbali. Nilipozinduka nilihisi uso umekuwa mkubwa kama ngoma. Mpira mwembamba ulipita puani kwenda tumboni, na mwingine ulitoka shingoni ukichuruzisha damu kwenye kichupa. Sikuweza kutoa hata neno moja. Mimi, mwalimu wa silabi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimebeba ubao mdogo wa chaki, ule tunaowapa watoto, nikauweka kwenye mkoba. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba anayeniuguza ni mama, na mama alisoma elimu ya watu wazima zamani sana, akajifunza kuandika jina lake na kusoma maneno mafupi, kisha maisha yakamwondoa huko.

Nikaandika "MAJI". Mama akashika ubao kwa mikono miwili.

"Ma," alisema. Akatulia. "Ji." Akaniangalia. "Maji! Unataka maji!"

Huwezi kunywa maji ukiwa na mpira puani, nilitaka tu anilowanishe midomo, lakini furaha yake ilikuwa kubwa hivi kwamba niliitikia kwa kichwa. Baada ya hapo ikawa kazi yetu. Ninaandika, yeye anasoma kwa sauti, silabi moja moja, na wodi nzima inasikiliza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa amevunjika taya kwa pikipiki na naye haongei, alikuwa anainua kidole gumba mama akipatia. Mama aliposhindwa neno nililikata kwa mistari midogo, kama ninavyowafanyia watoto. "MTO-TO." "DO-KTA." Siku niliyomwandikia "ASANTE MAMA" alisoma lote bila kusimama, akajifanya anarekebisha shuka.

Uji alinipitishia kwenye mpira kwa bomba la sindano, taratibu, akiniambia ladha yake kwa kuwa mimi sikuweza kuionja. "Huu nimeweka karanga. Huu wa leo una maziwa, mtamu."

Siku niliyoomba kioo, nesi alimtazama mama, na mama akamtazama nesi. Kisha akaniletea. Uso ulikuwa umevimba, umegeuka rangi, na kovu lilipita chini ya taya kutoka karibu na sikio hadi karibu na kidevu. Mdomo ulikuwa umelala upande. Nilijitazama kwa muda mrefu. Mama alisimama nyuma yangu, kwa hiyo kwenye kioo tulionekana wawili.

"Umebaki wewe," alisema. "Nilikuwa naogopa bure."

Kilichonivunja moyo kilikuja baadaye, baada ya mpira kutolewa, nilipokunywa supu kwa mara ya kwanza. Niliinua kijiko nikiwa na furaha, na supu ikamwagika yote kwenye khanga, nami sikujua mpaka nilipoona nguo imelowa. Mdomo wa kulia haukuniambia kitu. Hapo nililia sana. Daktari alinikuta hivyo, akakaa kitandani kwangu, hakunibembeleza. Alisema, "Macho yako yatafanya kazi ya mdomo kwa muda. Kioo mezani kila unapokula. Utazoea." Alisema kweli. Sasa hivi nina kitambaa mkononi na situmii kioo, mkono wenyewe unajua lini kufuta.

Nyumbani Iyunga nilianza upya na herufi. "Sa", "ta", "ka" zilirudi haraka, kwa sababu ni kazi ya ulimi. Tatizo lilikuwa "ba", "pa", "ma", "fa", zote zinazohitaji mdomo wa chini. "Baba" ilitoka kama upepo. Mume wangu akawa mwanafunzi wangu na mkaguzi wangu. Akirudi kutoka gereji, kabla hajanawa mikono, anakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Sema 'bomba'."

"Hhomha."

"Bado. Sema 'bamba'."

"Hhamha."

"Bamba si unalo mwenyewe tayani, unashindwaje kulitaja?" Tulicheka mpaka nikashika taya kwa maumivu. Niligundua kwamba nikiinua mdomo wa chini kidogo kwa kidole sauti inatoka safi, kisha nikajifunza kuuinua kwa msuli wa upande wa kushoto, bila kidole.

Mwalimu mkuu, kwa nia njema, alipendekeza nikae ofisini kwanza, nisimamie vitabu, mpaka niwe sawa. Nikamwambia, "Mkuu, nikisubiri niwe sawa, sitarudi. Nipe darasa langu."

Siku ya kwanza watoto walinyamaza kama kanisani. Kovu lilikuwa bado jekundu na shavu lililokuwa limejaa sasa lilikuwa limebonyea. Nilijua nisipolitaja wao watalitazama mwaka mzima. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yao.

"Nani anataka kuuliza?"

Mikono yote ikaenda juu.

"Mwalimu, walikukata na kisu?"

"Kidogo sana, chenye makali sana. Nilikuwa nimelala."

"Mwalimu, mfupa wako uko wapi?"

"Mbovu umebaki hospitali. Nimewekewa chuma."

Hapo ukatoka mguno wa heshima ambao sijawahi kuupata kwa jambo jingine lolote nililofanya maishani. Mtoto mmoja akauliza kama sumaku inaweza kuninasa. Nikamwambia chuma hiki sumaku haikishiki, akaonekana kusikitika. Kisha nikawaambia ukweli: "Mwalimu sasa anapata shida kusema 'ba'. Kwa hiyo tutajifunza pamoja. Nikikosea, mtanisahihisha." Nadhani sijawahi kuwa na darasa lililotamka "ba be bi bo bu" kwa bidii kama lile. Walinitazama mdomo mpaka walisahau kovu.

Baadaye nilirudi tena hospitali, wakachukua kipande cha mfupa kwenye nyonga yangu wakakipandikiza kwenye pengo la taya. Nilichechemea kwa muda, taya likajaa tena kidogo, na sasa nina meno ya bandia upande ule. Kila mwaka napigwa picha, na kila mwaka daktari ananionyesha mfupa mweupe mahali palipokuwa na povu. Atanipiga picha kwa miaka mingi, anasema, kwa sababu uvimbe huu una subira. Sawa. Hata mimi ninayo.

Mwaka huu nilipokwenda, aliniomba nizungumze na mgonjwa mmoja. Kwenye benchi la nje kulikuwa na mkulima wa mpunga kutoka Madibira, mwanamume wa makamo, na taya lake la chini lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuweza kufunga mdomo. Alikuwa ameishi na uvimbe ule kwa miaka mingi. Mkewe ndiye aliyemleta. Mwanamume mwenyewe alikuwa amekwisha kusimama aondoke.

Nikamwomba akae kidogo, nikakaa kando yake, nikamsalimia, nikamwambia nilichokatwa. Hakuniamini. Akanitazama kulia, akanitazama kushoto.

"Samahani, dada," alisema kwa shida. "Naweza kushika?"

Nikamwambia ashike. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vya mtu wa jembe. Alivipitisha kwenye kovu, akabonyeza taya pale mfupa wa nyonga ulipo, akafuata ukingo hadi kidevuni.

"Nyama unatafuna?"

"Natafuna. Na ugali nakula, shangazi yangu aliulizia hilo mapema."

"Na wa kwangu ni mkubwa hivi."

"Wa kwako ulipaswa kukatwa jana," nikasema. "Lakini leo bado wanaweza."

Mkewe alicheka kwanza, kisha yeye. Alisema mpunga wake uko shambani, anavuna kwanza, halafu atakuja. Daktari alikunja uso, na mimi pia sikuipenda ile "halafu". Nikampa namba yangu ya simu mkewe.

Alikuja. Mkewe alinipigia akiwa tayari yuko wodini, nikaenda baada ya vipindi nikiwa bado na vumbi la chaki kwenye sketi. Nilimkuta amekaa kitandani, uso umevimba, mpira puani, lakini ule mzigo alioubeba chini ya uso wake kwa miaka yote haukuwepo, na midomo yake ilikuwa imefungwa. Mkewe alikuwa anamsukumia uji kwa bomba la sindano, anakwenda haraka mno. Nikavua koti, nikanawa mikono, nikamwonyesha jinsi ya kuupitisha polepole.